Insha imerudi na wino mwekundu: ofisa wa jeshi anajifunzaje kuandika kitaaluma?

Kapteni wa Isevya (Tabora)

Wakuu, shikamooni mliotutangulia, na wengine habari za jioni.

Mimi ni ofisa wa jeshi, huu ni mwaka wa 14 kazini. Niko Tabora kwa likizo ya wiki tatu, nyumbani kwa mama pale Isevya, na nusu ya begi langu ni makaratasi. Mwaka huu nimepelekwa kozi ndefu yenye shahada ndani yake. Ramani hazinisumbui, mbio za asubuhi hazinisumbui. Kinachoninyima usingizi ni insha.

Ya kwanza ilitakiwa iwe na maneno 3,000 kuhusu kampeni yoyote ya kijeshi iliyopiganwa Afrika Mashariki. Nikachagua kuanguka kwa Tabora mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, maana nimezaliwa hapa na nimekua nikisikia wazee wakitaja "wakati wa Wabelgiji" kama walivyosimuliwa na wazazi wao. Niliandika siku nne, nikaridhika nayo. Imerudi na alama chini ya nusu. Pembeni msahihishaji ameandika "Nani kasema?" mara saba, nimehesabu. "Kwa hiyo?" mara tatu. Na mwishoni kabisa: "Hii ni taarifa nzuri ya kijeshi. Si insha."

Maneno hayo ya mwisho yameniuma kuliko alama. Miaka yote hii nimesifiwa kwa uandishi. Nilifundishwa niandike kwa ufupi, niseme wazi, nisisite. Ripoti yangu ya doria ilikuwa ikisomwa mbele ya wenzangu kama mfano. Leo naambiwa kile kile nilichosifiwa ndicho kinachoniangusha.

Hii hapa aya iliyochorwa kuliko zote. Nimeigeuza Kiswahili ili kila mtu aisome:

"Tabora ilitekwa tarehe 19 Septemba 1916 na majeshi ya Ubelgiji chini ya Jenerali Tombeur. Wajerumani walishindwa kwa sababu ya uchache wa askari. Mapigano ya Itaga yalikuwa makali. Ilibainika kuwa reli ilikuwa na umuhimu mkubwa. Bila shaka Wabelgiji walikuwa na ari kubwa zaidi."

Nimeruhusiwa kuiandika upya, nina siku 18. Naomba asiniambie mtu "soma sana", kwa sababu kusoma nasoma mpaka macho yanauma. Nataka kujua nianzie wapi.

Mwalimu wa Cheyo (Tabora)

Pole sana Kapteni. Mimi nafundisha sekondari hapa mjini, si mwanajeshi, lakini wanafunzi wenye shida kama yako nawaona kila siku. Nashuku kwamba ulikuwa unafikiri kwa Kiswahili huku unaandika Kiingereza, na katikati ya safari hiyo sababu zikadondoka. Mtu akiogopa kukosea sarufi huandika sentensi fupi fupi, kila moja imesimama peke yake, kwa kuwa viunganishi ndivyo vinavyomtia hofu. Angalia aya yako: sentensi tano, na hakuna hata moja iliyoshikana na jirani yake.

Jaribu hivi. Andika hoja yako yote kwa Kiswahili kwanza, kama unamweleza mama. Msomee kwa sauti. Akiuliza "kwa nini?", andika jibu lako pale pale. Kiingereza kije baadaye.

Mstaafu wa Ujiji (Kigoma)

Kapteni, mwanangu, nimesoma swali lako mara mbili. Mimi ni meja mstaafu, na miaka yangu ya mwisho jeshini kazi yangu ilikuwa kusahihisha maandishi ya maofisa. Nimeona aya kama yako nyingi sana, na nyingine ni za watu walioniongoza mimi. Mwalimu amesema kweli kuhusu viunganishi. Ila hata ungekuwa unaandika Kiswahili tangu mwanzo, aya hiyo ingetoka vile vile. Shida iko ndani zaidi ya lugha.

Fikiria amri ya operesheni. Vichwa vyake unavijua hata ukiamshwa usiku: hali, jukumu, utekelezaji, utawala na ugavi, uongozi na mawasiliano. Kamanda wa kombania anapoipokea saa nane za usiku, amejifunika turubai na tochi mkononi, hatakiwi kujua ulisita wapi. Mashaka yako umeyaacha ofisini, na ni sawa, kwa sababu mashaka kwenye amri yanaua watu. Wewe umeandika insha kwa mkono ule ule. Umempa msomaji maamuzi matano, ukamwacha nje ya ofisi ambamo maamuzi yalifanyika. Huyo anayeuliza "Nani kasema?" anagonga mlango wa ofisi hiyo.

Sasa jiulize: kabla ya amri uliandika nini? Tathmini ya hali. Na humo ndani ulifanya nini? Ulichukua jambo moja, tuseme mto umejaa. Ukaandika: kwa hiyo magari hayavuki mpaka maji yapungue. Hukuishia hapo, ukaendelea: kwa hiyo njia ya magharibi inafaa kwa miguu tu, na muda wa kusogea unaongezeka mara mbili. Jambo, kisha maana yake, kisha kinachobadilika kwa sababu yake. Mwanangu, hiyo ndiyo aya ya kitaaluma. Unaijua tangu ukiwa luteni. Umeizoea kama kazi ya maandalizi, kitu kinachobaki kwenye faili, kwa kuwa wakubwa husoma amri. Profesa anataka hilo faili.

Nichukue sentensi yako ya pili, "uchache wa askari". Nani kasema? Lettow-Vorbeck, kamanda mkuu wa majeshi ya Wajerumani huku, aliandika kumbukumbu zake baada ya vita. Jemadari aliyerudi nyuma kuanzia Kilimanjaro mpaka akavuka Ruvuma ana kila sababu ya kutukumbusha kwamba alizidiwa idadi. Upande wa pili, Tombeur alipewa ubaroni, na jina la Tabora likaunganishwa na jina lake. Naye ana kila sababu ya kutaka ushindi wa Tabora uonekane mkubwa. Mashahidi wote wawili wana mali yao ndani ya kesi. Sikuambii uwatupe. Nakuambia msomaji aone kwamba umewapima. Na usisahau waliobeba vita ile vichwani, wapagazi wa pande zote. Hao hawakuandika kumbukumbu, na pengo hilo lenyewe linastahili sentensi moja ndani ya insha yako. Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Jina lake halimo katika kitabu chochote nilichowahi kufungua.

"Ilibainika kuwa." Na nani? Neno hili tunalipenda kwenye ripoti kwa sababu linamficha aliyebaini. Kwenye insha linakuvua nguo, linaonyesha huna mtu. Kila ukiliona, ama umtaje aliyebaini, ama useme ni wewe na uonyeshe kwa njia gani.

Sasa nakupa kazi. Usiandike aya yoyote leo. Chukua karatasi moja, uandike tarehe hizi wima, moja chini ya nyingine:

Reli ya Kati kufika Kigoma: mwanzoni mwa 1914.
Wajerumani kuizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen: 26 Julai 1916. (Ndiyo Liemba hii. Ililetwa kwa vipande ndani ya masanduku kutoka Papenburg, Ujerumani, ikaungwa hapa Kigoma, na baada ya kuopolewa ikarudi kazini 1927. Mafundi walizipaka injini grisi nyingi kabla ya kuizamisha. Waliozamisha walikuwa na nia ya kurudi. Nami naamini tendo hilo moja linasema mengi kuhusu walivyoitazama vita kuliko hotuba zao zote.)
Kigoma kuchukuliwa: 28 Julai 1916.
Morogoro: 26 Agosti.
Dar es Salaam: 4 Septemba.
Mapigano ya Itaga, karibu na Tabora: 13 na 14 Septemba.
Tabora: 19 Septemba.

Ikae mbele yako. Chora na mstari wa reli pembeni. Kisha uniambie unaona nini. Sitakuambia mimi.

Luteni wa Katubuka (Kigoma)

Shikamoo afande mstaafu. Afande Kapteni, salamu. Mimi niko mwaka wa mwisho wa shahada ya uzamili, naandika tasnifu. Niongeze jambo moja ambalo lilikaribia kunifukuzisha chuo, na sikuwa na nia mbaya hata kidogo.

Katika ofisi ya unadhimu tunafanyaje ikija zamu ya kuandika waraka wa mazoezi? Unatafuta waraka wa mwaka jana, unabadilisha tarehe, unabadilisha majina ya vikosi, unapeleka kwa kamanda anatia saini. Hakuna anayeuliza aya ya tatu aliitunga nani. Waraka ni wa jeshi, na kuutumia tena ni utaratibu mzuri, kwa sababu uliokwisha kupimwa hauna makosa. Miaka sita nilifanya hivyo na nikasifiwa kwa wepesi.

Nikaja chuoni na mkono ule ule. Sura yangu ya mapitio ya maandiko ilikuwa na kurasa mbili na nusu ambazo maneno yake yalikuwa ya watu wengine. Orodha ya marejeleo niliweka mwisho, nikadhani inatosha. Niliitwa mbele ya kamati. Nilikaa kwenye kiti nimevaa sare, mbele yangu watu wanne na kurasa zangu zimepakwa rangi ya njano, wananiuliza kama nimeiba. Sijawahi kuiba hata kalamu. Usiku ule sikulala. Walinipa nafasi ya kurudia sura nzima.

Hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba huku kila sentensi ina mwenyewe. Tunafundishwa namna ya kuweka mabano na mwaka, hatufundishwi kwamba tumetoka kwenye nchi ambako maandishi hayana mtu na kuingia kwenye nchi ambako kila neno lina mtu. Ningeambiwa hivyo siku ya kwanza, nisingefika kwenye kile kiti.

Dawa yangu ni daftari na kalamu mbili. Bluu ni maneno ya mwandishi kama yalivyo, na namba ya ukurasa papo hapo. Nyeusi ni maneno yangu: nakubali, sikubali, hii inanikumbusha nini. Nikianza kuandika, vitabu vyote vinafungwa, nabaki na daftari tu. Ukurasa ukiwa na bluu nyingi kuliko nyeusi najua bado sijafikiri, nimenakili.

Na nyaraka za kikosi usiziguse afande, hata kama zina jibu. Chagua mada ambayo vyanzo vyake viko wazi. Kwa hiyo 1916 umechagua vizuri.

Kapteni wa Isevya (Tabora)

Asante sana dada. Hilo la waraka wa mwaka jana limenigusa pabaya. Nimefungua insha yangu nikakuta sentensi mbili ambazo siwezi kuapa kwamba ni zangu. Nimezitoa.

Mwalimu, mama nimemsomea jana baada ya chakula. Aliuliza swali moja: "Hao Wajerumani walikuwa wanalinda nini hapa?" Sikuwa na jibu.

Afande, nimeziandika tarehe na kuchora reli. Nimekaa nazo chini ya mwembe tangu saa tisa. Ninachoona ni hiki: kufikia tarehe 4 Septemba, Kigoma imekwenda, Dar imekwenda, na Morogoro katikati imekwenda. Reli imekatwa ncha zote mbili. Tabora ni stesheni kubwa ya reli isiyokwenda popote. Halafu, siku tisa baadaye, watu wanauana Itaga. Kwa nini Wahle, jenerali wa Wajerumani aliyekuwa akiongoza Tabora, alipigana kwa ajili ya stesheni ambayo haina kazi tena?

Mstaafu wa Ujiji (Kigoma)

Hapo! Soma tena sentensi yako ya mwisho. Hilo ndilo swali la utafiti, na mama yako ndiye aliyekufikisha, mpe shukrani zangu. Insha ya kwanza haikuwa na swali. Ilikuwa na kichwa cha habari, "Kuanguka kwa Tabora", na kichwa cha habari hakijibiki. Ndiyo maana ulikusanya kila kitu: reli, ari, idadi ya askari, vyote vimewekwa bila mpangilio kama mizigo jukwaani. Sasa una swali, kila jambo litasimama mbele yake na kuonyesha linajibu nini. Lisilojibu kitu liache, hata kama ulilitafuta siku nzima.

Luteni, pole kwa yaliyokupata. Ulichosema kuhusu nchi mbili ningependa kila kozi ianze nacho. Nakuuliza, je, una watu wa kusomeana?

Luteni wa Katubuka (Kigoma)

Ndiyo afande. Nikiwa likizo tunakutana Jumamosi, watu wanne, nyumbani kwa mmoja wetu Mwanga. Mwanzo ilikuwa ngumu kwa sababu mmoja ni meja. Akisoma rasimu yake sote tunasema nzuri afande, nzuri sana, anarudi nayo na makosa yake yote. Ikabidi yeye mwenyewe aweke sharti: anayesikiliza haruhusiwi kusifu wala kulaumu. Ana maneno mawili tu ya kutumia, "nimepotea hapa". Anainua mkono, anasema, anayesoma anaweka alama. Hakuna anayejibishana. Siku ya kwanza ya sharti hilo nilimwinulia meja mkono mara kumi na moja, huku natetemeka. Wiki iliyofuata alileta rasimu nyingine kabisa.

Mstaafu wa Ujiji (Kigoma)

Mko kwenye njia ya zamani na nzuri. Scharnhorst, ofisa wa jeshi la Prussia, alianzisha jumuiya ya maofisa Berlin mwaka 1801, wakawa wanasomeana maandiko na kuyajadili, na Clausewitz, yule aliyekuja kuandika kitabu maarufu kuhusu vita, alikuwemo akiwa bado kijana. Hata kwetu, Chuo cha Taifa cha Ulinzi pale Kunduchi, tangu kilipofunguliwa 2012, maofisa wa jeshi wanakaa darasa moja na raia watumishi wa serikali. Nilipenda sana uamuzi huo. Raia hajui kwamba hatakiwi kuinua mkono.

Kapteni, nasubiri aya.

Kapteni wa Isevya (Tabora)

Afande, siku nne zimepita. Nimetupa rasimu tatu. Naweka hii kama ilivyo:

"Kufikia tarehe 4 Septemba 1916 Wajerumani walikuwa wamepoteza Kigoma, Morogoro na Dar es Salaam, yaani ncha zote mbili za Reli ya Kati na kipande muhimu cha mashariki. Tabora ilibaki na stesheni yake, lakini haikuwa na mahali pa kupokea wala kupeleka shehena kwa treni. Kwa hiyo thamani yake kama kituo cha ugavi ilikuwa imekwisha kabla ya mapigano ya Itaga ya tarehe 13 na 14. Hata hivyo Wahle alipigana. Kama lengo lake lilikuwa kuushika mji, tungetarajia aendelee kuutetea baada ya Itaga. Siku tano baadaye Wabelgiji waliingia mjini, na vikosi vyake vilikuwa vimeshika njia ya kusini kuelekea Iringa. Mwenendo huu unaelekea kuonyesha kwamba Itaga ilipiganwa ili kupata muda wa kuondoka, bila shaka kwa maagizo ya Lettow-Vorbeck."

Mwalimu wa Cheyo (Tabora)

Kapteni! "Kwa hiyo", "hata hivyo", "kama... tungetarajia". Sentensi zimeshikana mikono. Hii nikiruhusiwa nitawasomea kidato cha sita.

Mstaafu wa Ujiji (Kigoma)

Nimeisoma kwa sauti barazani, mke wangu akisikiliza. Hakuinua mkono mpaka sentensi ya mwisho.

"Unaelekea kuonyesha" ni kipimo sahihi. Umesema kiasi kile ushahidi unachokuruhusu, na hapo hujasita kwa woga. Kisha ndani ya sentensi hiyo hiyo umerudi kwenye amri: "bila shaka kwa maagizo ya Lettow-Vorbeck". Una barua? Una ujumbe wa simu uliotumwa Tabora? Kama unao, utaje, na "bila shaka" itaondoka yenyewe kwa kuwa haihitajiki. Kama huna, mtoe Lettow-Vorbeck hapo. Neno hilo ni lile lile lililokuwa kwenye aya yako ya kwanza, limehamia chumba kingine.

Na aya inayofuata mpe anayekupinga. Atakuambia mji haukuwa stesheni tu: ulikuwa na chakula, ulikuwa na majeruhi, ulikuwa na watu. Mwache aseme kwa nguvu zake zote, ndipo umjibu.

Kapteni wa Isevya (Tabora)

Sina barua afande. Nimemtoa. Sentensi sasa inaishia kwenye "muda wa kuondoka", na chini yake nimeandika kwamba swali la nani aliagiza linabaki wazi kwa vyanzo nilivyoviona.

Aya ya mpinzani nimeianza. Nimeona pia kwamba kwenye insha ya kwanza niliandika mapigano ya Itaga yalikuwa "makali", na miaka yangu yote ya kuzaliwa Tabora sijawahi kusimama pale nikatazama ardhi. Kesho alfajiri naazima pikipiki ya mjomba. Nachukua daftari, kalamu ya bluu na kalamu nyeusi.